Lalamiko Kuhusu Mkanada, na Ukuta Uliokaa Kimya

Namba 14, Tenter Close,
Slaithbridge, Yorkshire.
Jumatatu, baada ya kifungua kinywa.

Kwa Mkuu wa Idara ya Tamthilia.

Bwana Mkuu (au Bibi Mkuu, kwani yale majina ya mwisho wa kipindi mnayapitisha mbio mno, sijawahi kulisoma lako),

YAH: INSPEKTA GARSIDE, KIPINDI CHA JANA JUMAPILI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo wangu umechafuka tangu jana, na aliyeuchafua ni wewe.

Kwa kuwa hunifahamu, nijitambulishe. Naitwa Maud Ollerenshaw, mjane wa marehemu Wilf Ollerenshaw, mpishi mstaafu wa shule ya msingi ya hapa kwetu. Nimemtazama Inspekta Garside tangu kipindi cha kwanza kabisa, alipokuwa bado ana nywele na mke. Nywele zikamtoka, mke akamtoka, mimi nikabaki. Nilikuwa naye alipopigwa risasi ya bega, alipohamishiwa Wales kwa muda, na mwaka ule mlipompa mbwa ambaye hakumtaka. Sijawahi kuwaandikia kulalamika, hata kuhusu yule mbwa. Kwa hiyo ukiona leo nimeshika kalamu, elewa kwamba maji yamezidi unga.

Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba ili usije ukasema kuna ambalo hukuliona.

1. Maiti ilichelewa. Katika nyumba hii tuna utaratibu. Wimbo wa kufungulia ukianza, maji yanatiwa motoni. Maiti ikionekana, chai inamiminwa. Utaratibu huu tuliuweka mimi na Wilf na haujawahi kutuangusha. Jana majani yalikaa ndani ya buli mpaka chai ikawa nyeusi ti, na bado watu wote wa kile kijiji walikuwa hai, wanazurura na kutazama vilima. Alipokuja kukutwa yule Bwana Fairweather, mweka hazina wa ukumbi wa kijiji, amefukiwa chini ya viti vya plastiki, nilishusha pumzi, Mungu anisamehe. Chai niliimwaga.

2. Mwenendo wa Inspekta jikoni. Alipokwenda kumpa pole mke wa marehemu, alijitengenezea chai kwa mkono wake, akatia maziwa wakati kifuko cha majani bado kimo kikombeni. Yule mama alimtazama, asiseme neno. Mimi nimefiwa, Bwana Mkuu. Siku aliyofariki Wilf, shemeji yangu alitaka kufanya vivyo hivyo, na ingawa nilikuwa sioni mbele kwa machozi nilimwambia, "Norman, toa hicho kifuko kwanza." Mjane anayenyamazia jambo kama hilo si mjane. Nikajua hiyo ndiyo dalili, nikamshuku yeye nusu ya kipindi. Kumbe haikuwa dalili ya kitu. Ulikuwa uzembe tu.

3. Kunong'ona. Hili ni dogo na sitalikawilia. Watu wote jana walinong'ona. Sajini Denholm alizungumza ndani ya skafu yake. Mchimba makaburi alimwelezea mbwa wake mambo ambayo yalituhusu sisi. Ilinibidi kuifuata kesi kwa nyusi. Hilda Ramsden wa duka la mikate, ambaye nimekutana naye leo asubuhi nilipofuata maziwa, ameniambia, "Mwenzangu, mimi nilidhani wamelala, na mimi nikalala." Utaniuliza kwa nini sikuongeza sauti. Sauti katika nyumba hii ina wakati wake wa kuongezwa, nitalieleza hilo chini. Tuendelee.

4. Wimbo wa kufungulia. Uko wapi? Jana kipindi kilianza kwa upepo. Upepo tunao hapa Slaithbridge, hatuhitaji kuletewa kwa televisheni. Ule wimbo wa tarumbeta ndio uliomtoa Wilf kanisani siku ya mazishi yake, kwa matakwa yake mwenyewe. Kasisi wetu, Bi. Philippa Crake, alikuna kichwa kidogo, kisha akasema, "Sawa, Maud, afadhali huu kuliko ule wa timu ya mpira tuliopigiwa wiki jana." Watu walilia, na wengine wakatafuta chai kwa mazoea. Mimi pia nimeandikisha kwamba nitolewe kwa wimbo huo huo. Sasa mmeuondoa bila kuuliza mtu. Mnataka nitolewe kwa upepo?

5. Maharagwe. Kalenda iliyokuwa ukutani jikoni kwa marehemu ilionyesha Machi. Muuaji akajificha nyuma ya maharagwe ya kutambaa yaliyojaa maua mekundu. Bwana Mkuu, Machi huku kwetu bado ni baridi, maharagwe ni mbegu zilizomo ndani ya pakiti. Huwezi kumficha paka nyuma yake, seuze mtu mzima.

6. Mkanada. Hapa naomba uweke chini chochote ulichoshika. Kwa miaka yote hii tumekuwa na makubaliano, nyinyi na sisi, ingawa hayakuandikwa popote: muuaji awe mtu tuliyemwona. Awe amekula biskuti mbele yetu. Awe amesema, "Inspekta, mimi wakati huo nilikuwa nalisha kuku," tukamtazama na kusema, hapana, huyu hana kuku. Jana muuaji alikuwa binamu wa kufikia wa marehemu, kutoka Kanada, ambaye tulionyeshwa picha yake tu, mara moja, juu ya kabati, nusu imezibwa na chungu cha maua. Alijitokeza dakika za mwisho, akanong'ona kwamba ameua kwa sababu ya huzuni.

Huzuni si sababu. Sisi sote tuna huzuni, na tunakwenda dukani. Mtu huua kwa ajili ya wosia, au wivu, au mashindano ya maboga, au uzio. Kuhusu uzio nina uzoefu mkubwa, na jambo hilo linanifikisha kwenye lalamiko la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

7. Ukuta. Nyumba yangu ni pacha, na ukuta wa sebule ni mmoja kwa mbili. Upande wa pili anaishi Bwana Aubrey Sugden, fundi mstaafu wa mabomba ya gesi, mgane wa marehemu Connie. Mimi na yeye hatusemezani. Kuna jambo la uzio. Sitalieleza kwa urefu kwa kuwa liko wazi kwamba yeye ndiye aliyekosea: aliikata ile miti iliyo kati ya bustani zetu mpaka ikanifika kiunoni, nikawa siwezi kuanika nguo zangu za ndani bila yeye kujua zimechakaa kiasi gani. Nikamwambia, "Bwana Sugden, huo ni uzio, si zulia." Akanijibu, "Utaota tu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana. Uzio kweli umeota, umetupita kimo, lakini sisi tumebaki palepale. Tukikutana kwenye mapipa ya taka tunainamishiana kichwa kama watu waliolelewa vizuri.

Lakini Jumapili ni siku nyingine. Jumapili, Inspekta anapowakusanya washukiwa sebuleni na muziki ukaanza kupanda, ukuta wangu hugongwa mara tatu. Huyo ni Bwana Sugden, ananijulisha kwamba amekwisha kumtambua muuaji. Hapo ndipo sauti inapoongezwa katika nyumba hii, si kabla, ili nihakikishe kama amepatia. Na kila mara, kabla sijarudisha kidhibiti cha televisheni mezani, muuaji anakiri. Bwana Sugden hajakosea hata siku moja. Nimefanya kazi na watu wenye vichwa, mkuu wa shule yetu alikuwa na shahada mbili, lakini kichwa kama cha Bwana Sugden sijakiona. Tena anatazama gizani, taa imezimwa, huoni hata mwanga dirishani. Watu wenye akili nyingi wana mambo yao.

Mimi nikisharidhika, humgongea mara moja. Maana yake, umepata. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki, na ni mazungumzo mazuri kuliko mengi niliyowahi kuwa nayo na watu ninaosemezana nao.

Jana ukuta haukugongwa.

Washukiwa walikusanyika, kama kunong'onezana korongoni ni kukusanyika. Muziki haukupanda kwa sababu muziki haukuwepo. Mkanada akakiri. Mimi mkono uko kwenye kidhibiti, nasubiri. Kimya. Ikaja taarifa ya habari, ikapita. Ikaja hali ya hewa, mvua kwa wote, ikapita. Nikaweka glasi ukutani nikatega sikio, nikasikia sikio langu mwenyewe. Nikampigia mpwa wangu Bridget, yuko Leeds.

"Shangazi," akasema, "si uende tu ukambishie mlango?"

"Na uzio je?"

"Uzio uko nyuma, shangazi. Mlango uko mbele."

Watoto wa siku hizi wanadhani mambo ni mepesi namna hiyo. Nilivaa koti. Nikalivua. Nikalivaa tena, nikakaa nalo kitini. Niliogopa, Bwana Mkuu, na sitakuficha. Kwa umri wetu mtu akikaa kimya, wengine hatuna haja ya Inspekta kutueleza sababu.

Leo asubuhi nilipofungua pazia nikaona pipa lake la taka limetolewa kungoja gari la taka, mpini umeelekezwa barabarani kama kawaida yake. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo, kisha nikaosha uso. Yu hai. Na kama yu hai, basi kimya kile hakikutoka kwake. Kilitoka kwenu. Mmemchukua mtu ambaye hajapata kushindwa na muuaji yeyote, mkamshinda kwa hila, kwa Mkanada aliyezibwa na chungu cha maua. Mtu akishindwa hivyo anaweza asigonge tena maisha yake yote. Na asipogonga, mimi nitazungumza na nani?

Kwa hiyo, kwa heshima zote, nadai yafuatayo. Kipindi kitengenezwe upya, na muuaji awe Bi. Lavinia Stoop, mpiga kinanda wa kanisa, aliyekula keki huku amevaa glavu, jambo ambalo mtu asiye na hatia hawezi kulifanya. Mkanada aachiliwe na arudishwe kwao kwa heshima. Inspekta Garside asimamishwe kazi mpaka afundwe kutengeneza chai. Niko tayari kumfunda mwenyewe Alhamisi yoyote, ila si Alhamisi ya kwanza ya mwezi, ni zamu yangu ya maua kanisani. Sajini Denholm anyang'anywe skafu. Mwandishi wa kipindi aletwe hapa Tenter Close, avue viatu, asimame katika sebule yangu, agonge ukuta wa Bwana Sugden mara tatu kwa mkono wake, na aombe radhi kwa sauti inayosikika.

Yasipotekelezwa hayo, nitalifikisha suala hili kwa baraza la kijiji, kwa mbunge, na kwa askofu, ambaye Bi. Crake anasema naye ni mtazamaji na pia alimshuku Bi. Stoop. Na wimbo wa mazishi yangu nitaubadilisha. Nitatolewa kwa wimbo wa lile shindano la keki la kituo kingine. Mtajisikiaje hapo, sijui.

Nawasalimu wote hapo ofisini: wapiga picha, washona nguo, na yule mwenye kubeba viti vya plastiki, kwani vilipangwa vizuri juu ya marehemu. Msalimie mbwa kama bado mmemwajiri. Mke wa Bwana Fairweather mpeni pole zangu, na mwambieni safari nyingine aseme.

Nangoja jibu nikiwa na subira, koti likiwa karibu.

Wako katika masikitiko,
Maud Ollerenshaw (Bi.)

N.B. Jumatatu, jioni.

Barua hii haikwenda posta mchana kama nilivyokusudia. Nilikuwa natafuta stempu kengele ya mlango ikalia. Nikafungua. Alikuwa Bwana Sugden, kofia mkononi, chupa ya jemu ya plamu kwapani, amevaa tai nyeusi.

"Bi. Ollerenshaw," akasema. "Kumbe uko hai."

"Kwani umesikia vingine?"

"Sijasikia kitu, ndiyo shida yenyewe. Jana kimya kutwa. Hata lile tarumbeta halikulia. Nikasema, huyu mama kaanguka. Nikasema, ngoja asubuhi nitazame pipa lake. Pipa halikutoka. Wewe, Maud, usitoe pipa?"

Ni kweli. Kwa kuandika barua hii nilisahau pipa, mara ya kwanza tangu nihamie hapa.

Nikamwuliza kama televisheni yake imeharibika. Akanitazama kama nimemwuliza kuhusu farasi wake.

"Sina televisheni mimi. Dada yake Connie aliichukua baada ya mazishi, na sikuwa na moyo wa kununua nyingine. Nasikiliza yako. Kiti changu kiko hapo hapo ukutani."

"Na kugonga je?"

"Si ule muziki! Wanapokiri tu, muziki unapanda, jina silisikii. Nikigonga, unaongeza sauti. Nikajisemea, uzio au si uzio, huyu jirani mwema."

Bwana Mkuu, nilishika fremu ya mlango. Hajapata kumtambua muuaji hata mmoja. Hajui hata sura ya Inspekta. Kwa ile sauti alidhani ni mnene. Nikamwuliza, na pigo langu moja la mwisho, alilielewaje.

"Lile? Si unaniambia usiku mwema?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Nikamkaribisha ndani. Akakaa kwenye kiti cha Wilf bila kujua, na sikumwambia. Akachovya biskuti, akauliza muuaji wa jana alikuwa nani basi. Nikasema, Mkanada. Akatafuna, akafikiri, akasema, "Mkanada gani?" Tukakaa tukizozana juu ya jambo hilo mpaka giza likaingia, yeye akiwa upande wenu, kwa sababu anasema Wakanada hawachunguzwi vya kutosha.

Atakuja Jumapili kutazama. Nimemwambia alete jemu, uzio asiuguse.

Kwa sababu hiyo naondoa malalamiko yote, la kwanza hadi la saba, pamoja na madai, na askofu nitamwambia mwenyewe. Mkanada mfungeni. Mtu wa kukagua leseni za televisheni msimlete kwa Bwana Sugden. Nimesoma masharti na hayasemi lolote kuhusu kuta. Tarumbeta msilirudishe: nyumbani ninalo kwenye sahani ya santuri ya Wilf, na nitalihitaji mara moja tu. Lakini lile la tatu, ambalo niliwaambia ni dogo, nalishikilia kwa maana nyingine. Naomba waendelee kunong'ona. Kama inawezekana wanong'one zaidi. Bwana Sugden sikio lake zima ni moja, na kwa sauti ya jana itamlazimu asogeze kiti karibu.